Kujenga kizimba cha molekuli kwa bondi ya halojeni: anza na silva, malizia na iodini

Tuelewane kwanza jambo moja. Hii siyo kazi ya jikoni wala ya uani. Humu kuna dikloromethani, maji ya dawa ya kuyeyushia vitu, kuna piridini inayonuka kama dagaa waliolala siku tatu bila chumvi, kuna iodini ambayo mvuke wake unachoma macho na kifua. Sehemu ya kuchora, kupiga hesabu na kutengeneza modeli fanya popote, mimi naifanyia barazani hapa Chuno huku nakula ming'oko. Lakini sehemu ya chupa na sindano ni ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa na mtu anayejua kazi amesimama karibu. Kama huna hilo kabati ishia kwenye modeli, na wala hujapoteza kitu, maana vizimba vingi vinafia kwenye modeli hata kabla havijaona chupa.

Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wa kusini mlioko vyuoni mnasoma kemia, nyie ambao kila likizo mkirudi Mtwara mnanikamata kijiweni na swali lilelile: kizimba cha molekuli cha bondi ya halojeni kinajengwaje? Mimi hiki kitu nilikifanyia kazi miaka yangu ya chuo, nikaharibu kuliko nilivyopatia, na yote niliyoyapata yanaingia kwenye sentensi moja: usijenge kizimba kwa iodini, jenga kwa silva (madini ya fedha) halafu ng'oa silva uweke iodini. Mengine yote huku chini ni kuifungua hiyo sentensi.

Kizimba chenyewe ni nini, mtu wa Mikindani au Msangamkuu hana haja ya kuelezwa sana. Ni dema. Fito zimesukwa, kuna tumbo, kuna mdomo wa kumwingiza samaki na kumkatalia kutoka. Kizimba cha molekuli ni dema hilohilo ila tumbo lake linapimwa kwa angstromu, na angstromu moja ukizipanga milioni kumi ndo unapata milimita moja. Samaki wake ni molekuli ndogo, tuseme benzini, au ioni fulani, na wenye fani wanamwita mgeni. Mwaka 1987 Donald Cram, Jean-Marie Lehn na Charles Pedersen walipewa Nobel kwa molekuli za namna hii, zinazoshika molekuli nyingine kwa kuchagua. Sasa tofauti kubwa na dema la kwetu ni kwamba huku hakuna fundi anayekaa kusuka. Unaweka fito, yaani molekuli zenye mikono, na kamba ya kuziunga kwenye chupa, unakoroga, vinajisuka vyenyewe. Raha, eti? Raha mpaka visuke kitu ambacho hukukitaka. Ndo maana akili yote inatumika mapema, kwenye kuchagua fito na kuijua kamba.

Kamba yetu ni bondi ya halojeni, yaani mvuto wa atomu za ukoo wa iodini, na hapa tutulie kidogo.

Shika nazi iliyofuliwa. Ina macho matatu lakini laini ni moja tu, chelewa ukiichomeka hapo inazama, ukiichomeka pengine inakatika. Atomu ya iodini ikishikana na kaboni inakuwa hivyohivyo. Watu wanadhani iodini kwa kuwa ina elektroni nyingi basi ni hasi pande zote, kumbe wingu lake la elektroni halijakaa sawasawa, limejaa kiunoni kama mkanda wa kanga, halafu pale nchani, upande uliopingana na kikonyo chake cha kaboni, limepungua. Pale panabaki na chaji chanya kidogo. Wanapaita tundu la sigma. Basi chochote chenye elektroni za akiba, mfano nitrojeni ya piridini, kinavutwa na hilo jicho, na kwa kuwa jicho ni moja na liko nchani kabisa, kaboni, iodini na nitrojeni vinakaa kwenye mstari mmoja, karibu nyuzi 180. Siyo 150, siyo 120. Bondi ya hidrojeni inakuvumilia ukipinda kidogo, hii haina hiyo huruma, na kwa mtu anayejenga huo ukali ni neema kwa sababu unajua kamba itaelekea wapi.

Iodini ndo yenye jicho kubwa kuliko wenzake, inafuata bromini, halafu klorini, florini ni kama haina. Ila florini ina kazi nyingine, ukizipachika nyingi kwenye pete ya kaboni iliyobeba iodini zinanyonya elektroni kutoka kwenye iodini na jicho linapanuka. Ndo maana kila ukisoma habari hizi unakutana na tetrafloro hivi na tetrafloro vile, yaani florini nne. Wala siyo jambo jipya, Guthrie alishaandika juu ya iodini na amonia mwaka 1863, halafu Odd Hassel wa Norwei akaja kuonyesha kwa eksirei miaka ya 1950 jinsi bromini inavyojipanga na dioksani kwenye mstari. IUPAC, shirika la kimataifa la kemia, wao wamekuja kuitolea fasili rasmi mwaka 2013. Miaka mia na hamsini kitu kipo tu kinakusubiri.

Haya. Njia za kujengea ni mbili.

Ya kwanza ni ya bondi halojeni za kawaida, zisizo na chaji: bakuli moja, yaani molekuli yenye umbo la bakuli, lina iodini nne mdomoni, bakuli la pili lina nitrojeni nne, unalifunika moja juu ya jingine kama sufuria na mfuniko. Kundi la François Diederich kule Zürich walilifanya hilo mwaka 2015. Kazi nzuri sana, lakini kwa mwanafunzi anayeanza siishauri, kwa sababu bondi moja ya aina hii kwenye maji ya dawa ni dhaifu, unategemea nne zishike kwa pamoja na mabakuli yenyewe yawe magumu yasiyopepesuka, na kuyatengeneza hayo mabakuli ni miezi.

Njia ya pili ndo yetu. Hapa iodini inavuliwa elektroni inabaki ioni chanya, halafu inasimama katikati ya nitrojeni mbili, moja kulia moja kushoto, zote zinaishika sawa, mstari ulionyooka. Kila upande ni kama angstromu 2.26, kwa hiyo nitrojeni hadi nitrojeni ni 4.5 hivi. Linganisha na iodini na nitrojeni zinazogusana tu bila kupendana, hizo zinakaa mbali kama 3.5. Yaani hii kamba inabana kwelikweli. Wapo wanaobishana kama bado iitwe bondi ya halojeni au iitwe kitu kingine, mimi ubishi huo nawaachia wenyewe. Kundi la Kari Rissanen kule Jyväskylä, Finlandi, ndo walioifungua njia hii kwa vizimba kuanzia 2016, na 2017 wakatoa kimoja chenye fito sita na iodini kumi na mbili.

Sasa kwa nini silva iingie? Kwa sababu ioni ya iodini iliyo peke yake hakuna chupa inayouzwa nayo, haikai. Na ukimwaga iodini ya kawaida juu ya fito zako bila silva, inazigusagusa tu, rangi inageuka kahawia, unabaki na mchanganyiko usioeleweka. Silva yenyewe ina tabia mbili nzuri. Moja, ikipewa nitrojeni mbili za piridini inapenda kuzishika kwa mstari ulionyooka, kulia na kushoto, umbo lilelile tunalolitaka kwa iodini. Mbili, inashika na kuachia, inashika na kuachia, kwa hiyo fito ikikaa vibaya inapata nafasi ya kujirekebisha mpaka kizimba kitulie. Halafu ndo unaleta iodini. Silva na iodidi, yaani iodini yenye chaji hasi, zinapendana kupita kiasi: molekuli ya iodini inapofika inagawanyika, nusu inachukuliwa na silva zinadondoka chini kama unga wa njano usioyeyuka, nusu nyingine inabaki na chaji chanya na kukalia kiti kilekile alichoinuka silva. Mjomba wangu mmoja aliyekuwa anasuka madema alikuwa na mtindo huo, dema lote kwanza analifunga na ukindu mpaka umbo limkae, analizungusha, analikalia, analirekebisha, ndipo anarudi na nailoni fundo kwa fundo huku ukindu anaukata. Ukimuuliza mbona hufungi nailoni moja kwa moja anacheka.

Na umbali wa silva hadi nitrojeni ni kama 2.15, wa iodini 2.26, yaani kila kiungo kizima kinatanuka kwa robo ya angstromu hivi. Kizimba kinavumilia hiyo. Kingekuwa kinatanuka kwa angstromu nzima kingepasuka.

Kuchagua fito

Fito yako inahitaji mikono yenye piridini nchani, na swali la kwanza ni mikono inaelekea wapi. Piridini ni pete ya pembe sita, nitrojeni ni pembe mojawapo. Ukiishika pete kwa nafasi ya 4, mkono na nitrojeni vinanyooka mstari mmoja. Ukiishika kwa nafasi ya 3, nitrojeni inatazama pembeni kwa nyuzi 120. Nafasi ya 2 sahau, nitrojeni inajikunja karibu na mwili wa fito na silva itaamua kufanya mambo yake mengine kabisa. Watu wengi wanaoharibu wanaharibia hapa, wanachukua nafasi ya 4 kwa sababu iko stoo halafu wanashangaa kwa nini wamepata uzi mrefu usio na mwisho badala ya kizimba. Ukitaka kitu kifunge, lazima kuna mahali kipinde, na kwa kuwa kamba yenyewe haipindi, kupinda kote kutoke kwenye fito.

Hesabu ya pili ni ya darasa la nne. Kila iodini inashika nitrojeni mbili. Kwa hiyo idadi ya iodini ni mikono yote gawa kwa mbili. Mabakuli mawili yenye mikono minne kila moja: mikono minane, iodini nne. Kile cha Finlandi, fito sita zenye mikono minne: ishirini na nne, gawa kwa mbili, kumi na mbili, imetoka. Na kila iodini ina chaji moja chanya, kwa hiyo kizimba cha iodini kumi na mbili kina chaji kumi na mbili na kinahitaji ioni hasi kumi na mbili za kusawazisha, nazo lazima ziwe na mahali pa kukaa, aidha tumboni au nje. Ukisahau hili utachora kizimba kizuri cha kumtega mgeni halafu tumbo lote limejaa BF4, ile ioni hasi inayokuja na chumvi ya silva.

Mabakuli yenyewe mara nyingi yanatoka kwenye rezosinoli nne zilizounganishwa na aldehidi nne kwa tindikali. Hapa nakatisha kidogo, maana kila nikitaja rezosinoli mtu ananiambia si ipo kwenye mafuta ya maganda ya korosho. Ni kweli nusu. Kadoli iliyomo kwenye yale mafuta yanayobabua mikono ya wabanguaji ni ndugu wa rezosinoli, lakini ina mkia mrefu wa kaboni kumi na tano umekaa mahali pabaya, ule mkia unaziba njia ya kufunga bakuli. Mimi ningependa sana mtu wa Newala au Masasi aje na bakuli la korosho, ila siyo kwa kuichukua kadoli ilivyo.

Modeli ya chelewa

Kabla ya kompyuta chukua fagio la chelewa, muhogo mbichi, na ile protrakta ya mkebe wa hesabu. Kata muhogo vipande vya ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, hivyo ndo iodini. Chelewa ndo mikono. Sheria ni moja tu, kila kipande cha muhogo kinapokea chelewa mbili, na lazima ziingie kwa kutazamana, ukiona moja imeingia kwa ubavu chomoa. Katikati ya fito, pale mikono inapokutana, tumia kipande kikubwa cha muhogo na upime pembe kwa protrakta kweli, siyo kwa macho. Halafu jaribu kufunga.

Utagundua mambo ambayo karatasi haikwambii. Mara ya kwanza nilipomkalisha binamu yangu barazani na hii kitu, fito yake ilikuwa na mikono mitatu iliyolala bapa kama feni ya dari, pembe 120, akahangaika robo saa nzima anataka kufunga kizimba, kila akiunga inazidi kutambaa kwenye mkeka, ikawa shuka la pembe sita pembe sita, na kuku wakaanza kula iodini. Feni bapa haitafunga kamwe bila kupinda chelewa. Akaikunja mikono ikashuka chini kidogo kama stuli ya miguu mitatu, stuli mbili zikatazamana miguu kwa miguu, iodini tatu katikati, imefunga. Somo lote hilo limegharimu muhogo mmoja.

Baada ya hapo ndo uende kwenye laptopu. Avogadro ni programu ya bure ya kuchorea molekuli, xtb nayo ni ya bure na inapiga hesabu ya umbo kwa haraka hata kwenye mashine ya zamani. Chora kizimba kizima cha iodini, weka nitrojeni hadi iodini 2.26, pembe 180, iache itulie, halafu angalia pembe za nitrojeni, iodini, nitrojeni baada ya kutulia. Zikibaki juu ya 170 endelea. Zikishuka sana maana yake fito inateseka, na kitu kinachoteseka kwenye kompyuta kwenye chupa hakitokei.

Zoezi la piridini tupu

Usianze na fito yako ya thamani uliyoitengeneza miezi mitatu. Anza na piridini yenyewe, nitrojeni mbili iodini moja, kiungo kimoja bila kizimba. Chumvi inayotoka hapa inajulikana siku nyingi, wataalamu wa kuunga kaboni wanaiita kitendanishi cha Barluenga. Ukishindwa hii, kizimba sahau.

Kwa milimoli 1: silva tetrafloroborati miligramu 195, piridini miligramu 158 ambayo ni mililita 0.16 hivi, iodini miligramu 254. Jumlisha, 607. Vitakavyotoka ni silva iodidi miligramu 235 na chumvi yako miligramu 372, jumlisha tena, 607. Napenda kuiandika hivi pembeni ya daftari kwa sababu baadaye ukikausha unga wa njano na kuupima ukakuta 180 badala ya 235, unajua kabisa kuna silva haijatoka.

Chupa ikauke kwenye oveni, ipoe imefungwa. Dikloromethani ikae juu ya shanga za kukaushia za angstromu 3 tangu jana yake. Silva ile inavuta maji ya hewani kwa pupa, na sisi watu wa pwani hewa yetu unaijua, chumvi ya mezani yenyewe inalowa kwenye kichupa, kwa hiyo ipime haraka na ufunge. Viringisha chupa kwa foili, mwanga unaiharibu silva. Mililita 10 za dikloromethani, silva ndani, piridini ndani, koroga nusu saa. Unapata maji meupe yasiyo na rangi. Hapo ukindu umeshafungwa.

Iodini iyeyushe pembeni kwenye dikloromethani, inatoa zambarau nzito kama juisi ya zambarau kwelikweli. Idondoshe tone kwa tone. Hapa simama uangalie, usiende kuchati. Tone linagusa, kunatokea wingu dogo la zambarau, linazunguka mara moja, mbili, halafu linapotea, na palepale lilipopotea panabaki vumbi la njano kama unga wa manjano uliomwagika, linashuka taratibu chini ya chupa. Tone jingine, zambarau, inapotea, njano. Ni mara mia na bado mimi nasisimka. Matone ya mwisho mwisho zambarau inachukua muda zaidi kuondoka. Ukimaliza kipimo chako acha. Usiongeze ya baraka! Iodini ikizidi inaungana na iodidi inatengeneza ioni ya iodini tatu, chupa inageuka kahawia ya chai ya rangi, na hiyo kuitoa ni kazi.

Koroga saa moja, chuja au zungusha kwenye sentrifuji, yale maji ya juu yaliyo safi mimina polepole kwenye eta. Chumvi inadondoka nyeupe au njano ya mbali sana.

Njano siyo ushahidi

Sasa nikwambie nilivyoumbuka. Nilifanya hii mara ya kwanza msimu wa masika, kwenye maabara ya chuo nilichosoma, dikloromethani nimeichukua kwenye chupa iliyokuwa inafunguliwa na kila mtu tangu asubuhi. Njano ikashuka vizuri kabisa. Nikapima, 233 kwenye 235, nikapiga picha nikawatumia nyumbani. Siku mbili baadaye majibu ya NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha atomu zimekaaje, yanarudi, na kule mbali kabisa kushoto, pasipotakiwa kuwa na kitu, kuna kilima kipana kimelala kama nyangumi. Ilikuwa hidrojeni. Maji yalishaila iodini, na kwenye kiti chake katikati ya nitrojeni mbili ameketi protoni. Yaani silva ilitoka kweli, hesabu ya njano ilikuwa sahihi, ila aliyeingia siyo niliyemwalika.

Kwa hiyo shika hili, unga wa njano unathibitisha silva imeondoka, basi. Hauthibitishi iodini imekaa.

Kinachothibitisha ni nitrojeni yenyewe. Nitrojeni 15 ni haba, kama asilimia 0.37 tu ya nitrojeni yote, kwa hiyo kuipima moja kwa moja ni usiku kucha, lakini kuna namna ya kuisoma kupitia hidrojeni za jirani, mwombe mwenye mashine akufanyie hiyo. Piridini tupu inasoma karibu hasi 67 ppm, ikishikwa na iodini inaruka hadi karibu hasi 175. Mruko wa ppm zaidi ya mia huwezi kuukosea. Silva nayo inairusha, ila haifiki mbali hivyo. Ukipata namba ya katikati ujue kazi haijaisha.

Sasa kizimba

Tuseme bakuli lako lina mikono minne ya piridini nafasi ya 3 na unataka mabakuli mawili yatazamane. Kwa mikromoli 20 za bakuli unahitaji mikromoli 40 za silva, ambayo ni miligramu 7.8, na iodini mikromoli 40, miligramu 10.2. Iodini usijaribu kupima 10.2 inakimbia kama mvuke, yeyusha miligramu 102 kwenye mililita 10 halafu chukua mililita 1 kwa sindano. Silva ndo haina ujanja, pima kwa utulivu siku isiyo na mvua.

Mabadiliko kutoka zoezi la piridini ni machache. Maji ya dawa yawe mengi zaidi kwa kulinganisha, kwa sababu ukibana sana fito zinashikana hovyo na kuwa uzi mrefu badala ya kujifunga. Silva na bakuli vipe muda, mimi natoa usiku mzima, maana ile kushika na kuachia ndo inayosahihisha. Na hapa kabla hujagusa iodini, simama upime NMR ya kizimba cha silva. Unatafuta seti moja tu ya vilele, kwa kuwa kizimba kilichofunga vizuri mikono yote ni sawa. Ila usishangilie upesi, silva inachezacheza kwa kasi na mashine inaweza kukupa wastani wa vitu vitano ukaona kama kimoja, kwa hiyo omba na kipimo cha kasi ya kutembea cha DOSY, kitu kikubwa kinatembea polepole kuliko bakuli moja. Kizimba cha silva kisipokuwepo, iodini haitakiumba. Watu hawanielewi kwenye hili mpaka wapoteze bakuli.

Kikiwepo, dondosha iodini kama ulivyojifunza, polepole zaidi. Baadaye pima tena: seti moja ya vilele, nitrojeni imeruka, hakuna nyangumi kushoto. Masi spektrometa, mashine ya kupima uzito wa molekuli, nayo ikipatikana ipigwe kwa upole, maana hivi vizimba vikipigwa kwa nguvu vinavunjika njiani na unahesabu vipande.

Mambo ya kukwepa, yasiyo na mpangilio: asetonitrili, DMSO na methanoli ni maji ya dawa pia, ila zina elektroni za akiba na zitagombea kiti, usisafishie chupa kwa hizo halafu ukaacha mabaki. Asetoni vilevile, iodini chanya inaishambulia. Na mgeni utakayemtia tumboni asiwe na bondi mbili za kaboni, yaani kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi maradufu, kumbuka umejenga dema kwa kitendanishi chenye njaa ya bondi mbili, dema litamla samaki.

Fuwele za kupelekea eksirei nazioteshea kwenye kichupa chembamba kisichofunikwa, kimesimama ndani ya chupa kubwa yenye eta kidogo chini, chupa kubwa ndo inafungwa, foili juu, kwenye friji. Eta inapanda inaingia kichupani taratibu, chumvi inashindwa kuvumilia, inaanza kujipanga. Siku nne, wiki mbili, mwezi. Usiitikise, na kama friji ni ya pamoja andika jina lako kwa maka nene, maana yangu moja ilihamishwa na mtu aliyekuwa anatafutia soda yake nafasi, nikakuta unga.

Taka zenye silva zitie kwenye chupa yake ya kahawia, usimwage kwenye sinki. Na glavu vaa mbili, silva ikikugusa leo huoni kitu, kesho ukipigwa na jua la Shangani vidole vinakuwa vyeusi tii, na hakuna sabuni, kuanzia hapo ni kusubiri ngozi ibadilike.